Wembe, bodi na mayai 60 ya Tengeru

Jamani, Jumamosi nimekaa zangu kibandani, mama mmoja wa Tengeru akaingia na bodi ya mashine ya kutotolea vifaranga, kaifunga kwenye khanga. "Mwanangu, mayai 60, na leo ni siku ya kumi na moja." Si mnajua, yai la kuku linataka siku 21 na joto la nyuzi kama 37.5. Kwake kayafunika blanketi na chupa za maji moto. Ukichelewa, basi tena.

Mashine inatumia volti 12 za betri, regyuleta inazishusha hadi 5. Nikapima: badala ya 5 napata 0.4, na regyuleta inaunguza kidole. Hiyo ni shoti, mdau. Nikatoa umeme, nikaweka testa kwenye mlio, ncha moja njia ya volti 5, nyingine hasi. Piiii! Nikachomoa kioo cha namba na sensa ya joto, bado inalia.

Sasa kazi ipo hapa. Njia ya volti 5 inagawanyika matawi matatu: kioo, chipu kuu, sensa. Yote yameungana, kwa hiyo popote utakapogusa testa italia tu. Utang'oa vifaa vyote mpaka lini? Ndipo unachukua wembe. Nikakata tawi la chipu: upande wa chipu kimya, upande wa regyuleta bado unalia. Chipu haina kosa, nikapumua, maana hiyo huipati dukani. Nikakata tawi la sensa: regyuleta kimya, upande wa sensa ndio unalia. Kumbe ni kikapasita kidogo kama punje ya mchele, kando ya soketi. Nikakitoa, nikaweka kingine nilichokitoa kwenye bodi mfu.

Lakini msikimbilie wembe. Kama unaweza kuinua mguu mmoja wa risista na kutenganisha, inua huo. Nilipoanza ufundi nilikuwa nakata kokote, hata ubavuni mwa mguu wa kifaa, halafu sina pa kulehemu. Kata palipo wazi, penye shaba ya kutosha pande zote mbili, mkato mwembamba wa milimita moja, na andika ulipokata! Bodi za simu achaneni nazo, zina matabaka ndani na wembe utapita mpaka la chini. TV je? Kapasita kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa plagi. Ipunguze kwa risista na upime kwanza.

Kurudisha: kwangua rangi ya kijani milimita tatu kila upande mpaka shaba ing'ae, paka lehemu, laza uzi mmoja wa waya juu ya mkato, gusa na pasi haraka haraka. Shaba hiyo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.035, nywele yako mara nyingi ni nene kuliko hiyo, ukikawia inabanduka. (Arusha hii iliwahi kuwa na kiwanda cha redio cha Philips. Redio za zamani zina njia pana, raha tupu.) Pima tena, hakikisha hujagusisha na njia jirani, safisha kwa spiriti, funika na rangi ya kucha.

Na ukikuta njia imeungua yenyewe, usiibandike waya mnene ukaita umetengeneza. Kuna kitu kimevuta umeme mwingi, kitafute. La sivyo safari ijayo itaungua nyumba.

Saa mbili usiku mama akaondoka na bodi yake. Siku kumi baadaye simu ikalia, nyuma yake nasikia kelele za vifaranga, nikashindwa hata kumsikia anasema wangapi. Wadau wenye njia nyingine ya kusaka shoti, mwageni hapo chini.