Waya wa Usukani katika Ndege Nyepesi

Fundi wa baiskeli wa Shishiyu, wilayani Maswa, anaijua tabia ya waya wa breki: aghalabu hukatikia karibu na ncha, mahali unapopindwa na kubanwa, uzi mmoja baada ya mwingine. Mwenye baiskeli huweza kuburuza miguu chini akasimama. Mwenye ndege nyepesi aliyoiunda nyumbani hawezi kufanya hivyo waya wa usukani ukikatika angani.

Kwa sababu hiyo waya wa baiskeli usitumiwe katika usukani wa ndege. Waya ufaao ni wa chuma, uliosukwa kwa vishada 7 vyenye nyuzi 19 kila kimoja. Wingi wa nyuzi nyembamba huuwezesha kupinda katika makapi bila kuchoka upesi. Ule uliopakwa zinki, wenye kipenyo cha milimita 3.2, hukatika kwa mvuto wa kilo 900 hivi.

Lakini nguvu hiyo haina faida ikiwa ncha imefungwa vibaya. Ncha yapasa kuzungushwa kwenye kipete cha chuma chenye mfereji, kisha kushikwa kwa kibomba cha shaba kinachobanwa kwa koleo maalumu na kuhakikiwa kwa kipimo chake. Katika skrubu ya kukazia waya, hesi zinazoonekana nje zisizidi 3 kila upande. Nayo ifungwe kwa waya mwembamba, isijifungue kwa mtikisiko.

Wakati wa ukaguzi, kitambaa kipitishwe juu ya waya wote. Kikinaswa, yamkini uzi umekatika, na waya hubadilishwa.