Udongo Usiomo Katika Bei ya Kabichi

Kabichi, karoti na njegere zinazoshushwa alfajiri kwenye masoko ya Dar es Salaam, Kariakoo, Ilala na Mabibo, nyingi hutoka Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Maji ya kuzioshea nayo yanatoka milima hiyohiyo, maana Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, chanzo chake ni Uluguru. Mji unakula na kunywa kutoka mlima mmoja, na karibu kila mkono unaopitisha mzigo huo hupata chake: mwenye fuso, dalali, mpagazi, soko kwa ushuru wake, mamlaka ya maji, DAWASA, kwa yuniti. Kilichosahauliwa kwenye hesabu ni udongo. Kila msimu wa mvua mteremko uliolimwa hupoteza sehemu yake, na hasara hiyo huachiwa mkulima peke yake, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuibeba. Nasema deni hilo ni la Dar es Salaam pia, na mji ukililipa utakuwa unajitendea wema wenyewe.

Ushahidi wa kwanza una zaidi ya nusu karne. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takribani milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiofika saa tatu. Ilipokatika, miteremko ilikuwa na maporomoko zaidi ya elfu moja. Wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, katika utafiti wa mmomonyoko nchini, na wanajiografia Paul Temple na Anders Rapp wakayapima makovu hayo. Karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na kwenye majani ya mashamba yaliyopumzishwa. Penye msitu hayakufika hata moja kati ya mia. Mvua ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mizizi iliyoushika udongo. Lipo na funzo la pili, ambalo wapanga bajeti hulipita haraka. Mlima haumomonyoki kidogokidogo kwa mgawanyo sawa wa siku za mwaka. Unaweza kutulia miaka kadhaa, kisha alasiri moja ukamwaga kilichotarajiwa kwa muongo mzima. Anayetazama wastani wa mwaka mtulivu atasema hali ni nzuri, na atakuwa amekosea vibaya.

Wapo watakaosema milima imekuwa ikimomonyoka tangu iumbwe, jembe lisingebadili kitu. Ni kweli imekuwa ikimomonyoka, na kasi yake ya kale inapimika. Miale itokayo angani inapopiga punje za mchanga mgumu wa kwatzi hutengeneza ndani yake chembechembe za beriliamu-10. Punje iliyokaa muda mrefu karibu na uso wa ardhi hukusanya nyingi, na iliyochukuliwa upesi huwa na chache. Kwa hiyo konzi ya mchanga wa mtoni, ikipelekwa maabara, hueleza mlima ulikuwa ukipungua kwa kasi gani kwa maelfu ya miaka kabla ya wakulima wengi kufika. Njia hiyo ilipotumika katika nyanda za juu za Sri Lanka, nchi ya joto na mvua kama Uluguru, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa ardhi iliyolimwa miteremkoni ilikuwa ikipoteza udongo makumi ya mara kupita kasi ya asili. Na tusidharau vipimo vidogo. Milimita moja tu ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni mita za ujazo kumi, karibu malori mawili ya tani saba, tena ya ule udongo wa juu wenye rutuba.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaojua mito. Wao husema udongo wa Mgeta haufiki Dar es Salaam. Mwingi hutuama chini ya mteremko, kwenye mabonde na kingo za mto kabla ya kufika mbali. Wako sahihi kwa sehemu kubwa. Changarawe na mchanga husafiri mafuriko kwa mafuriko, hulala hapa miaka, huamka, hulala tena kule. (Tope la Jangwani, ambalo wakazi wa Kariakoo wanalijua zaidi, ni kesi nyingine kabisa: huletwa na Mto Msimbazi kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe.) Lakini chembe laini za mfinyanzi hazitui upesi. Hizo ndizo hugeuza Ruvu kuwa rangi ya chai ya maziwa wakati wa masika na kulazimu mitambo kutumia dawa nyingi zaidi za kugandisha tope. Sasa linajengwa Bwawa la Kidunda juu ya Mto Ruvu, lililosanifiwa kubeba mita za ujazo milioni 190, na maji yaliyosimama hutua kila yalichobeba. Watafiti walewale wa miaka ya 1970 walipima mabwawa ya Ikowa, Dodoma, na Kisongo, Arusha, wakakuta yanajaa mashapo kwa kasi ya kuyamaliza ndani ya miongo michache. Kujenga bwawa bila kushughulikia miteremko iliyo juu yake ni kununua muda kwa bei ya jumla na kuutumia kwa rejareja.

Basi si wakulima walazimishwe? Walikwishalazimishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawaamuru watu kukata ngazi miteremkoni, na asiyetii akaadhibiwa. Ngazi hizo zilihitaji jasho jingi, na pengi zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, hivyo mavuno yakashuka badala ya kupanda. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akafa, mpango ukaachwa. Lakini Mgeta, ambako kulikuwa na maji ya mfereji, samadi na soko la mboga, ngazi zilidumu, kwa sababu zililipa. Hapo ndipo penye jibu. Mkulima hakatai kuhifadhi udongo. Anakataa kuuhifadhi kwa gharama yake ili afaidi mwingine. Na wengi wanalima ardhi ya ukoo au ya kukodi, ambako kupanda mti wa kudumu kunaweza kuonekana ni kudai umiliki.

Kulipana kumejaribiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, kupitia mradi wa mashirika ya CARE na WWF, DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza walichangia fedha za kuwalipa wakulima wa Kibungo, mashariki mwa Uluguru, waliokata ngazi, kuchimba mitaro ya fanya juu na kupanda miti. Udhaifu wake ulikuwa kwamba uliendeshwa kama mradi, na mradi huisha. Mteremko hauishi kuteremka. Wengine watasema bili ya maji ni nzito tayari. Ni nzito, lakini ndani yake tayari mna gharama ya kusafisha tope, inayolipwa kila masika na isiyozuia hata kilo moja ya udongo isiondoke. Sehemu ndogo ya ada ya maji na ya ushuru wa masoko ya Jiji itengwe kisheria, ilipwe kila mwaka kwa vijiji vya Uluguru kwa kila hekta iliyohifadhiwa na kukaguliwa, na malipo yaanze kabla Kidunda haijajaa.