Fahamu: Kwa nini maji baridi hubabua jani la ua la Usambara

Kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu ya milima ya Usambara, ikiwemo misitu ya Shume wilayani Lushoto, huota ua dogo la zambarau ambalo leo hupamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia.

Wakuzaji wa maua wanajua: ukilimwagia maji baridi ghafla, majani hutoka mabaka. Kinachotokea humo ndani ni mawasiliano ya oganeli, yaani sehemu ndogo zinazofanya kazi ndani ya seli.

Watafiti wa Japani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba joto likishuka kwa kasi, kinachobomoka kwanza ni vakuoli, mfuko mkubwa unaohifadhi maji yenye asidi. Asidi humwagika na kuziharibu kloroplasti, zile oganeli za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga. Inaonekana anayepeleka habari ya baridi ni kalsiamu: baadhi ya njia zake za kuingilia kwenye seli zikizibwa, uharibifu hupungua.

Kalsiamu hiyohiyo hutumika katika seli zetu, ambako oganeli hata hugusana utando kwa utando na kupitishiana kalsiamu na mafuta. Ua hili la porini linalotufunza hayo linastahili kulindwa pale linapoota, kwani misitu yake inazidi kupungua.