Pikapu inakunywa mafuta? Shika daftari kabla hujalaumu bei

Kila tarehe 14 ya mwezi, sisi wenye pikapu huku Pwani husubiri tangazo la EPRA kama watu wanaosubiri mwandamo wa mwezi. Bei ikishuka shilingi mbili tunashukuru, ikipanda tunanung'unika siku thelathini. Manung'uniko yenyewe yana msingi, kwani mnamo Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulitoka asilimia 8 ukawa 16. Lakini ile bei, mimi na wewe hatuna mkono wa kuifikia. Tunachokifikia ni idadi ya lita tunazochoma kwa safari moja, na huko ndiko wengi hatuangalii.

Muulize mwenye pikapu gari lake linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Atakujibu kwa shilingi: "Natia ya elfu tatu, naenda Kilifi na kurudi." Jibu hilo halisaidii, maana elfu tatu ya mwezi huu si lita zile zile za mwezi uliopita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mafuta ni mali.

Kupima ni rahisi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha andika kilomita zilizoko kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida. Ukirudi kujaza, nenda kituo kile kile, jaza tena mpaka pampu ijikate, uandike lita zilizoingia. Chukua kilomita ulizokwenda, gawanya kwa lita hizo. Rudia mara tatu au nne kabla ya kuamini, kwa sababu mzigo na foleni hutofautiana siku kwa siku.

Kwa nini nasisitiza hesabu? Chukua pikapu inayobeba maembe au samaki kutoka Malindi kuja soko la Kongowea. Tuseme kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini, ni kilomita 240. Ikiwa inakwenda kilomita 8 kwa lita, itameza lita 30. Ikifika kilomita 10 kwa lita, itameza 24. Ni lita 6 tu, utasema. Lakini kwa safari tano za wiki ni lita 30, yaani mafuta ya safari nzima. Ukikadiria lita kwa shilingi 165, hizo ni shilingi 4,950 kwa wiki, karibu elfu ishirini kwa wiki nne. Kwa mchuuzi anayepata faida ya vijishilingi kwa kila kreti, hiyo ni karo ya mtoto inayotoka kwenye bomba la moshi.

Sasa, lita hizo zinarudi vipi?

La kwanza ni mguu wa dereva. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kuendesha kwa papara, kukanyaga ghafla na kufunga breki ghafla, hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye foleni. Itazame foleni ya Mtwapa: dereva anaruka mita ishirini, anafunga breki, anaruka tena. Kila anapofunga breki, mafuta aliyoyachoma kupata ule mwendo yanageuka joto kwenye breki na kupotea. Akiacha nafasi mbele yake na kusogea polepole, atafika pamoja na wenzake bila hasara hiyo. Na kwenye matuta ni vivyo hivyo: ukiliona tuta, toa mguu mapema, gari lipungue lenyewe.

La pili ni kasi. Upinzani wa upepo haupandi sawasawa na kasi, huruka. Kwenye kilomita 100 kwa saa, upepo unaisukuma pikapu nyuma kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya kilomita 80. Na pikapu si gari lililochongwa kukata upepo, ni kama kabati linalotembea. Faida ya kukimbia ni nini? Kwa kilomita mia moja za barabara tupu, utaokoa robo saa, na robo saa hiyo utaimaliza umesimama kwenye msongamano wa kuingia mjini.

La tatu ni tairi. Tairi lenye upepo mdogo hulala barabarani, na injini hulazimika kulivuta. Angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva: mara nyingi kimeandikwa upepo wa gari tupu na upepo wa gari lenye mzigo, na tairi za nyuma huhitaji zaidi. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, angalau mara moja kila wiki mbili. Tairi laini lenye mzigo hupata joto na linaweza kupasuka, kwa hiyo hapa unalinda mafuta na roho pia. Pikapu ikivuta upande mmoja, ipeleke ikapimwe mpangilio wa magurudumu. Na rimu moja ikiwa moto kuliko nyingine baada ya safari, huenda breki inashika bila wewe kukanyaga.

La nne ni mzigo usio na kazi. Ndani ya bodi utakuta minyororo, mawe ya kuzuia gurudumu, mifuko ya simiti iliyoganda, tairi bovu la mwaka juzi. Teremsha. Keria ya juu isiyotumika nayo ifunguliwe, kwani inabishana na upepo hata ikiwa tupu.

La tano ni chujio la hewa. Barabara zetu za vumbi za bara ya Kilifi na Kwale hulijaza upesi kuliko kitabu cha gari kinavyokadiria. Injini ya dizeli ikikosa hewa ya kutosha hutoa moshi mweusi, na moshi mweusi ni mafuta yaliyokwenda bila kuungua sawasawa. Chujio likiwa safi na moshi bado upo, fundi atazame nozeli.

La sita ni injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Pikapu ya dizeli ikisimama hivyo huchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na zaidi ukiwa umewasha AC. Foleni ya feri ya Likoni ikiwa haisogei, zima.

Kuna na imani ambazo hazitusaidii. Madereva wengi huweka gia huru kwenye mteremko wakidhani wanaokoa mafuta. Kwa magari yenye sindano za kielektroniki ni kinyume: ukiacha gari kwenye gia na kutoa mguu, mafuta hukatwa kabisa, lakini kwenye gia huru injini lazima ichome ili isizimike. Tena unapoteza msaada wa injini katika kufunga breki. Wengine huteremsha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite. Mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na ule upepo wa juu huteleza juu yake, kwa hiyo kuufungua hakuleti faida. Afadhali turubai lililofungwa barabara.

Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa tuikimbie kabisa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, na bei ya pampu mpya itameza akiba ya miaka.

Neno langu la mwisho ni kwa matajiri wa magari. Ukimpa dereva amri ya kubana mafuta kisha akiba yote ukaitia mfukoni, usishangae mguu wake ukiwa mzito. Anayeshika usukani ndiye anayeshika tangi. Kaeni pamoja na lile daftari, mkubaliane kiwango cha sasa, na kila lita inayookolewa chini ya hapo awe na fungu lake. Atapima upepo mwenyewe bila kusukumwa, na kila mmoja wenu atarudi kwake na kitu, insha Allah.