Je, Wajua? Kidole, Uzi na Sugu

Je, wajua kuwa nyuzi 6 za chuma za gitaa, zikishakazwa, huvuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 70 hivi? Kilo 70, msomaji! Nawe unazikabili kwa ncha 4 za vidole, tena laini.

Ngoja, bado. Uzi mwembamba kuliko zote una unene wa milimita 0.3 tu. Ukiukandamiza kwa nguvu ya kilo 1 juu ya sentimita 1 ya ngozi, hapo ngozi inabeba kilo 33 kwa kila sentimita mraba. Tairi la teksi inayokupeleka Bwiza, hapa Bujumbura, hujazwa upepo wa kilo 2 na kitu. Kidole chako kinapokea karibu mara 15 ya tairi!

Basi wewe kijana wa Buyenzi, nawe dada wa Kamenge uliyeanza gitaa la kwaya mwezi huu na vidole vinawaka moto, sogeeni tukae. Hamjakosea kitu. Kinachotokea kwenye ncha hizo ni ajabu tupu.

Je, wajua kuwa ngozi ya nje ya viganja na nyayo ina tabaka 5, ilhali kwingine kote mwilini ni 4 tu? Kwenye kope ina unene wa milimita 0.05, kiganjani na unyayoni hufika milimita 1.5. Mara 30 zaidi, na hukununua popote.

Na wajua mkono mmoja una vipokezi vya mguso karibu 17,000 upande wa kiganja? Vimejazana zaidi kwenye ncha za vidole, na miisho ya neva za maumivu imo humohumo. Ndiyo maana uzi mwembamba vile unakuliza hapo, lakini ukiuweka juu ya kiwiko husikii sana. Jaribu.

Kidole hakina msuli hata mmoja wa kukikunja, wajua hilo? Hata mmoja! Misuli inayokikunja iko kiganjani na kwenye kigasha, nayo hukivuta kwa kano ndefu. Weka mkono wa kulia juu ya kigasha cha kushoto, kisha chezesha vidole. Umeisikia ikitembea humo ndani? Ile akodi ya fa inayowatesa wanafunzi wote wa gitaa inapigwa kutoka huko, karibu na kiwiko.

Je, wajua sugu, ile ngozi ngumu inayoota kwenye ncha za vidole, imetengenezwa kwa nini? Kwa seli zilizokufa, zilizojaa protini iitwayo keratini. Kucha zako ni keratini, nywele zako ni keratini, na ala la nje la zile pembe ndefu za ng'ombe wetu wa Burundi ni keratini. Ukisikia mzee wa gitaa amegonga meza kwa ncha ya kidole ikalia "ko!", sasa unajua ni nini kilicholia.

Sugu inachukua muda gani kuota? Ukipiga kila siku, wiki 2 hadi 4 zinatosha kuona tofauti. Ngozi yenyewe inajifanya upya kutoka chini kwenda juu kwa mwezi mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo huna la kuiharakisha.

Ila hili lishike vizuri. Dakika 15 mara 3 kwa siku zinajenga sugu kuliko saa 2 za mfululizo Jumamosi. Ngozi ikibonyezwa kidogo kidogo na kurudiwa, inanenepa. Ikisuguliwa bila kupumzika, tabaka zake zinaachana na maji yanaingia katikati. Lengelenge hilo! Kwa hiyo vidole vikianza kuwaka, weka gitaa chini na uende ukanywe chai. Hujashindwa, umewaacha mafundi wafanye kazi yao.

Je, wajua kuwa bandeji bora ya lengelenge ni ngozi ileile iliyoinuka? Hakuna duka la dawa Bujumbura nzima linalouza nzuri kuliko hiyo. Achana na pini, achana na wembe. Likipasuka lenyewe, osha kwa sabuni na maji safi, ilaze ile ngozi bila kuing'oa, funika, na baada ya siku chache tu chini yake kuna ngozi mpya. Ukiona usaha, wekundu unaotambaa au joto, nenda kituo cha afya. Mwenye kisukari asisubiri hata hayo.

Na alama za kidole zinarudi zilezile, mstari kwa mstari! Ramani yake iko kwenye tabaka la ndani, na ilichorwa kabla mama yako hajafika hata nusu ya mimba yako. Sugu ikinenepa sana, simu ya kufunguliwa kwa kidole inaweza kukukataa. Tumia kidole cha mkono mwingine, mambo yaendelee.

Sasa njoo kwenye siri ninayoipenda kuliko zote. Je, wajua kuwa ukishusha nyuzi zote nusu toni tu, unaondoa asilimia 11 ya mvuto? Kilo 70 zinakuwa 62. Ukishusha toni nzima, asilimia 21 inaondoka na unabaki na kilo 55 hivi. Kilo 15 zimeyeyuka kwa kuzungusha vifungo 6! Ukiwa peke yako chumbani, nani atakudai mi iwe mi kamili? Ukitaka kuimba na wenzako, bana kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya 2, yaani kile kijistari cha pili cha chuma shingoni, na sauti inarudi palepale ilipokuwa, huku nyuzi bado ni laini. Huna kapo? Penseli na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, kazi imekwisha.

Sehemu ya kubonyeza nayo ina maajabu yake. Uzi uleule, noti ileile: ukibonyeza jirani kabisa na freti, kwa nyuma yake, nguvu ndogo inatosha. Ukibonyeza mbali nayo, unahangaika na uzi unakoroma. Sogeza kidole kidogo tu usikie.

Umewahi kusikia habari za Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza? Akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole 2, cha kati na cha pete. Tena vya mkono wa kulia, na yeye ni wa shoto, kwa hiyo ndivyo vidole vyake vya kubonyezea! Msimamizi wake wa kazi akamletea sahani ya santuri, akamwambia asikilize. Mpigaji alikuwa Django Reinhardt, mzaliwa wa Ubelgiji wa mwaka 1910, ambaye moto uliunguza gari lake la kuishi mwaka 1928 na vidole 2 vya mkono wa kushoto vikalemaa. Django alipiga solo zake kwa vidole 2 vilivyobaki, na mpaka leo wenye vidole vyote wanahangaika kumfuata.

Iommi akafanya nini? Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi aliyoikata kwenye koti kuukuu. Akatafuta nyuzi nyembamba. Kisha akafika kwenye ile siri yetu: kwenye albamu ya mwaka 1971 ya kundi lake, Black Sabbath, akashusha gitaa toni moja na nusu katika nyimbo kadhaa. Piga hesabu: asilimia 29 ya mvuto imeondoka! Ule mngurumo mzito ulioigwa dunia nzima ulichangiwa na mtu aliyekuwa akitafuta nafuu ya vidole.

Turudi karibu na nyumbani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa kusini. Je, wajua kuwa mmoja wa wapiga gitaa mashuhuri kuliko wote Afrika alitumia vidole 2 tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada? Ni Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, akamrekodi wimbo wa "Masanga" mwaka 1952. Ukiusikia utaapa kuna magitaa 2. Ni moja! Naye aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1969 alisimama kwenye tamasha la Newport, Marekani, na vidole vyake hivyohivyo viwili.

Na Franco Luambo, yule gwiji wa gitaa wa Kinshasa? Gitaa lake la kwanza utotoni lilikuwa mkebe na nyaya za umeme. Wewe unalalamikia nyuzi za dukani!

Je, wajua kuwa nyuzi za nailoni zilizaliwa kwa sababu ya vita? Zamani nyuzi za gitaa zilitoka kwenye utumbo wa kondoo. Vita Kuu ya Pili ilipowaka, utumbo huo ukahitajika kushonea majeruhi, wapiga gitaa wakabaki mikono mitupu. Albert Augustine, fundi wa New York, akageukia nailoni miaka ya 1940, na Mhispania Andrés Segovia akazikubali akazibeba duniani kote. Nailoni ni ukoo mmoja na mishipi na nyavu zinazoshushwa Tanganyika jioni kutafuta samaki wa mukeke! Na mvuto wake? Kilo 40 hivi kwa nyuzi zote 6, badala ya 70. Kwa kidole kichanga hiyo ni zawadi.

Habari za gitaa la besi sasa. Uzi wake mnene kuliko zote una milimita 2.6 hivi, karibu mara 9 ya ule mwembamba wa gitaa. Haukati, ila unasugua, kwa hiyo malengelenge ya mpiga besi mara nyingi huanzia mkono wa kulia, ule wa kupigia.

Na inanga yetu? Je, wajua kuwa nyuzi zake zote ni kamba moja ndefu, inayopitishwa huku na huku juu ya mti uliochongwa? Zamani kamba hiyo ilitoka kwenye mishipa ya ng'ombe. Hapo hakuna kubonyeza freti: kila pito la kamba lina noti yake, vidole vinakwanyua tu. Sauti yake ni ndogo na ya chini mno, ndiyo maana mwimbaji wa Burundi huimba kwa kunong'ona ili asiifunike. Mnong'ono huo uliingia kwenye rekodi mwaka 1967, na wapenzi wa muziki wa Ulaya hawajaacha kuushangaa mpaka leo. Kwenye ikembe, kazi ni ya vidole gumba 2 juu ya ndimi za chuma. Kwa hiyo ukitaka kumtambua mpiga ikembe, tazama gumba. Mpiga gitaa, tazama ncha za mkono wa kushoto.

Visiwani Zanzibar, mpiga udi wa taarab anabonyeza nyuzi 2 kwa mpigo kila anapoweka kidole, kwa sababu nyingi zimepangwa pacha pacha. Na shingoni hakuna freti hata moja ya kumwongoza! Kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwa na kazi hiyo tangu 1905.

Je, wajua kuwa vidole vinavyokunjamana majini havijalowa tu? Ni neva zinazoamuru. Mtu aliyekatika neva ya kidole anaweza kukiloweka, na kidole kisikunjamane. Ila kumbuka: ngozi iliyokaa majini ni laini na uzi unaichana upesi. Ukitoka kuogelea ziwani au kufua nguo, kipe kidole saa nzima kikauke kabla hujagusa gitaa.

Na jasho? Viganja ni miongoni mwa sehemu zenye vinyweleo vya jasho vingi kuliko zote mwilini, na joto la Bujumbura unalijua. Jasho lina chumvi, chumvi inaleta kutu, na uzi wenye kutu unasugua ngozi kwa ukali. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Sekunde 20 tu.

Kuna wanaopaka gundi kali kwenye kidole kilichochanika, ile inayoshika papo hapo. Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa Texas, alisifika kwa hilo. Nakuomba usimwige: gundi ya dukani hupata joto ikikauka, huunguza nyama mbichi, na huziba uchafu ndani.

Sugu nazo hazikai milele, wajua? Acha gitaa miezi michache, zinabanduka kimya kimya, hata kwa mtu aliyepiga miaka 30. Akirudi, naye anaumwa. Tofauti ni kwamba yeye haogopi.

Na hili la mwisho, shika benchi. Mwaka 1995 watafiti waliokuwa Ujerumani walipima ubongo wa wanamuziki 9 wapigao ala za nyuzi. Wakakuta eneo la ubongo linalopokea habari za vidole vya mkono wa kushoto limepanuka kuliko kwa watu wasiopiga. Vidole vya kubonyezea vilikuwa vimejipatia uwanja mpana kichwani, wakati gumba, linaloshika shingo tu, halikuongezewa kiasi hicho! Na walioanza wakiwa wadogo ndio waliowazidi wenzao. Kwa hiyo mwanao wa miaka 8 akikuomba gitaa, usimwambie asubiri akue. Mtafutie dogo, la nyuzi za nailoni.