Paipu ya Ndani Isitoke Nje

Pita Rongo, Oyugis au Kendu Bay jioni, utazame kuta za maduka zinazoelekea magharibi. Utaona paipu za umeme zilizokuwa nyeupe, sasa ni manjano, zimejipinda kati ya klipu moja na nyingine. Mimi ni fundi wa umeme, kazi zangu ziko Migori na Homa Bay, na paipu hizo huniudhi kuliko waya ulio wazi. Waya wazi mtu huuogopa. Paipu iliyoliwa na jua humfanya aegemee ukuta bila wasiwasi.

Mama mmoja wa Sindo, mwenye stoo ya omena, alitaka taa ya usalama nje. Nilipomtajia bei akauliza, "Fundi, si paipu ni paipu tu?" Nikamjibu, "Mama, hii nyembamba ni ya kufukiwa ndani ya plasta. Huko hakuna jua." Tukaelewana: ndani nyembamba, nje nene. Alilipa zaidi kwa ukuta mmoja tu.

Hadiwea wana laiti geji na hevi geji. Usidanganywe na kipenyo, kwa maana zote zinakuja za milimita 20 na 25. Finya kwa kidole gumba: laiti hubonyea. Lakini unene peke yake hautoshi, uliza kama imetengenezwa kuhimili jua. Hapa tuko jirani na ikweta, na miale ya urujuanimno huikausha plastiki ya kawaida hadi unaigonga kidogo inavunjika kama kaukau.

Kujipinda nako kuna sababu yake. PVC hurefuka ikipata joto. Kipande cha mita 3 kikiongezeka nyuzi 30, kinarefuka kama milimita 6. Fundi aliyekaza kila klipu na kutia gundi kila kiungo hakuiachia nafasi, basi itajipinda au itachomoka kwenye boksi. Viko viungo maalumu vya kuteleza. Vinunue.

Kwenye posho mill, ambako magunia na pikipiki hugonga ukuta kutwa, mimi hutaka paipu ya chuma iliyopakwa zinki. Mombasa hewa ya chumvi ingeisumbua, lakini ziwa letu ni la maji baridi. Sharti iungwe na erthi. Bila hiyo, waya wa moto ukichubuka ndani, urefu wote wa paipu unaweza kubeba volti 240.

Sasa maji, ambayo mafundi wengi hupigana nayo vibaya. Wanapaka silikoni kila tundu, kisha wanashangaa boksi limejaa maji. Maji hayaingii kwa mvua pekee! Mchana paipu ina hewa yenye unyevu, usiku hewa hiyo inapoa na kuwa matone, na matone hutelemka hadi mahali pa chini kabisa. Kwa hiyo ingiza paipu kwenye boksi kutokea chini, si juu, na uache kitundu kidogo sehemu ya chini ili maji yatoke. Nasema kidogo kwa sababu ya sami. Wadudu hao wa ziwani wakifuata taa, watajaza tundu lolote watakalopenya.

Chini ya ardhi ni habari nyingine. Udongo mweusi wa Lambwe na sehemu za Nyatike huvimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi. PVC ngumu yenye viungo huachana huko chini bila mtu kujua. Mimi huchagua paipu nyeusi ya plastiki inayokunjika, ile inayouzwa kwa roli, kwa sababu naweza kuvuka boma zima bila kiungo. Nachimba zaidi ya nusu mita na kutandika mchanga. Mwenye uwezo anunue kebo iliyokingwa kwa nyuzi za chuma. Kenya Power wao huishia kwenye mita, na kazi ya kutoka hapo inamtaka fundi mwenye leseni ya EPRA, kwa hiyo muulize kabla hajashika jembe.

Paipu hiyo nyeusi ina hatari yake: inafanana na ya maji. Mtu anayechimba shimo la choo akiikuta, ataikata atafute maji ya bure. Ndiyo maana kabla ya kumaliza kufukia nalaza utepe wa onyo juu yake, jembe liukute utepe kwanza.