Ofisa akidai ngono ili mzigo upite

Mfanyabiashara anayedaiwa ngono na ofisa ili mzigo wake upite Namanga analindwa na sheria pande zote mbili za mpaka, ila sheria hizo hazifanani.

Tanzania inaihesabu kuwa rushwa, chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, simu 113.

Kenya, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 kinataka ithibitike kuwa ofisa alisumbua mara kwa mara. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili. Hapo kumbukumbu ndiyo kesi: tarehe, saa, dirisha, jina la ofisa. Ujumbe wa simu usifutwe, hata ukiwa wa aibu. Kumtuma wakala 'akayamalize' hakuachi ushahidi wowote.

Iandikwe pia ofisa ni wa nchi gani, kwani katika kituo cha pamoja Mtanzania huweza kuhudumia akiwa upande wa Kenya. Polisi wa Kenya wakishaandika malalamiko, mlalamikaji adai namba ya OB. Aliyeshambuliwa kimwili aende hospitali kabla ya kuoga. Fomu ni PF3 Tanzania, P3 Kenya.